Biskuti za Krismasi kwa unga wa keki wa boksi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Boksi moja la unga wa keki, mayai mawili na mafuta nusu kikombe vinatosha kutoa biskuti kama 30 za Krismasi kwa muda wa saa moja hivi. Kazi ni nyepesi, lakini unga huu ulitengenezwa uwe keki. Una sukari nyingi, na una beking pauda ya kuinua rojo jepesi lenye maji. Ukilijua hilo, karibu kila kinachoharibika kwenye trei utakielewa chanzo chake na utaweza kukirekebisha.

Kanuni ya msingi ni ipi?

Kwa boksi la gramu 432:

- mayai 2 (kila moja takriban gramu 50 bila ganda)
- mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, mililita 120, yaani nusu kikombe
- kijiko 1 cha chai cha vanila
- chumvi robo kijiko cha chai

Maji yaliyoandikwa kwenye boksi usiyaweke hata tone. Hayo ndiyo yanayotofautisha keki na biskuti.

Washa oveni nyuzi 175 za Selsiasi (160 ikiwa ina feni) kabla hujaanza kuchanganya. Piga mayai, mafuta na vanila kwa mchapo au uma mpaka vishikane. Chekecha unga juu yake pamoja na chumvi, kisha geuza kwa mwiko mpaka usione unga mkavu. Dakika moja inatosha. Donge litakuwa zito, linang'aa na linanata vidoleni. Hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa. Liweke kwenye friji nusu saa. Chota matonge ya gramu 20, sawa na kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, uyapange kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea ukiacha sentimita 5 kati ya moja na jingine. Oka dakika 8 hadi 10.

Nitajuaje kwamba zimeiva?

Usingoje zibadilike rangi. Angalia kingo: ziwe zimekauka na kupoteza mng'ao, huku katikati pakiwa bado pamevimba na panaonekana kama hapajaiva vizuri. Ukigusa ukingo kwa kidole haubonyei. Ukigusa katikati panabonyea kidogo. Hapo toa. Trei bado ina moto na itaendelea kuziivisha kwa dakika kadhaa nje ya oveni.

Ziache juu ya trei dakika 3 hadi 5 kabla ya kuzihamishia kwenye wavu wa kupozea. Ukizinyanyua mapema zitakatika katikati. Ukizisahau kwenye trei ya moto, chini yake patakuwa pagumu.

Biskuti za chokoleti ndizo zinazowadanganya wengi, kwa sababu weusi wake unaficha kuungua. Kwa hizo fuata saa na kingo, na ukisikia harufu kali ya kokoa iliyokaangika, umeshachelewa. Trei ya kwanza itoe dakika ya 8, uivunje biskuti moja, ndipo uamue muda wa trei zinazofuata.

Boksi langu si la gramu 432. Nifanyeje?

Swali hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Maboksi ya Marekani, ambako kanuni nyingi za aina hii zimetoka, yaliwahi kuwa ya gramu 517 (aunsi 18.25), yakapunguzwa hadi 432 (aunsi 15.25), na mengine sasa ni gramu 375 (aunsi 13.25). Kanuni ya zamani inayosema tu "boksi moja" huenda ilimaanisha unga mwingi kuliko ulio nao. Ukitumia boksi dogo kwa kipimo kilekile cha mayai na mafuta, biskuti zitatandaa zote ziwe shuka moja.

Soma uzito ulioandikwa kwenye boksi, kisha rekebisha hivi:

- Gramu 375: ongeza unga wa ngano wa kawaida gramu 55, halafu fuata kanuni kama ilivyo. Au usiongeze unga, tumia mafuta mililita 105, yai 1 zima na kiini 1.
- Gramu 500: mafuta mililita 140, mayai 2 na kijiko 1 cha chakula cha maziwa.
- Gramu 517: mafuta mililita 140, mayai 2 na vijiko 2 vya chakula vya maziwa.

Kama una mizani ya jikoni, itumie. Kikombe cha unga kinaweza kupishana kwa gramu 20 au 30 kutegemea umeuchota vipi, na kwenye biskuti kiasi hicho kinaonekana kwa macho.

Nitumie siagi au mafuta?

Mafuta ya maji hutoa biskuti laini zinazokaa siku nyingi bila kukauka, na ni rahisi kwa sababu hakuna cha kulainisha. Siagi hutoa ladha bora. Kwa unga wa vanila tunashauri siagi bila kusita, maana ndiyo inayoondoa ile ladha ya dukani ya unga wa boksi. Kwa chokoleti tofauti ni ndogo, tumia mafuta tu.

Badala ya mililita 120 za mafuta weka gramu 113 za siagi iliyolainika, yaani inayobonyea kwa kidole lakini haijayeyuka. Siagi ni nzito kuliko mafuta ya maji na huganda ikipoa, kwa hiyo donge litakuwa gumu kidogo kuliko la mafuta hata kabla ya friji. Siagi iliyoyeyushwa inafaa pia, ila itabidi donge lipoe kwenye friji saa nzima. Ukiliingiza likiwa na joto, siagi itatiririka kabla unga haujashika umbo.

Majarini ya kupaka mkate, hasa ile iliyoandikwa kwamba ina mafuta kidogo, iache. Ina maji mengi, na matokeo yake ni vikeki bapa.

Kwa nini zangu zinatandaa na kuwa bapa?

Tazama kwanza donge. Likiwa la vuguvugu, mafuta yake yanayeyuka mapema na sukari inageuka maji kabla unga na mayai havijashikana. Nusu saa kwenye friji huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Jambo la pili ni trei: kupanga matonge ya raundi ya pili kwenye trei ambayo bado ina moto ni kosa linalotokea kila siku, hasa mtu akiwa na haraka. Tumia trei mbili kwa zamu, au ipitishie ile ya moto maji baridi mgongoni kisha uikaushe. Usizipake trei mafuta. Karatasi ya kuokea inatosha, na trei iliyopakwa mafuta inazitelezesha.

Kama hayo yote yako sawa na bado zinatandaa, kasoro ni uwiano. Ongeza vijiko 2 vya chakula vya unga wa ngano, kama gramu 16, kwenye donge zima. Kabla ya kuoka zote, siku zote oka biskuti moja ya majaribio. Dakika 9 za kungoja zitakuokolea trei tatu.

Na zisipotandaa kabisa, zikabaki kama vitufe?

Donge lina unga mwingi au limepoa kupita kiasi. Bonyeza kila tonge kwa kitako cha glasi kilichochovywa kwenye sukari mpaka libaki na unene wa sentimita 1 hivi. Kama linakatika kingo ukilibonyeza, changanya kijiko 1 au 2 vya chai vya maziwa kwenye donge lililobaki.

Zimetoka kama vikeki, si biskuti. Nimekosea wapi?

Umajimaji umezidi. Ama uliweka maji au maziwa, ama mayai yalikuwa makubwa mno, ama boksi lilikuwa dogo. Ute wa yai ndio unaofanya biskuti ivimbe na kuwa kama sponji, wakati kiini kinaleta ulaini wa kutafunika. Ukitaka biskuti nzito zaidi, weka yai 1 zima na viini 2 badala ya mayai 2.

Usiongeze beking pauda wala magadi. Vilivyomo ndani ya boksi tayari vinazidi mahitaji ya biskuti.

Ninapenda zilizokauka, za kuvunjika. Inawezekana?

Inawezekana, ingawa unga huu kwa asili yake unaelekea kwenye ulaini. Tumia siagi, bonyeza matonge yawe membamba, punguza oveni hadi nyuzi 165 na oka dakika 13 hadi 15 mpaka kingo ziwe za kahawia ya dhahabu. Zitakauka zaidi zikipoa. Usizihifadhi chombo kimoja na zile laini, zitavuta unyevu wake usiku huohuo.

Zile zenye nyufa na sukari nyeupe juu zinatengenezwaje?

Hizi ndizo zinazopendeza kuliko zote kwa sahani ya Krismasi, na unga wa boksi unazitoa vizuri sana, kwa sababu ile beking pauda ya ziada ndiyo inayopasua uso wake. Tumia unga wa chokoleti au ule mwekundu wa kokoa (red velvet). Fuata kanuni ya msingi, lakini donge likae kwenye friji saa 1 mpaka liweze kuviringishwa bila kung'ang'ania viganja.

Viringisha matonge ya gramu 20 hadi 25. Lipitishe kila moja kwanza kwenye sukari ya kawaida ya chenga, kisha kwenye sukari ya unga, tena kwa wingi, mpaka lisionekane hata doa la rangi yake. Hatua ya kwanza wengi wanairuka, halafu wanalalamika kwamba weupe umepotea. Sukari ya unga ikigusana moja kwa moja na donge lenye unyevu inayeyuka na kugeuka utando wa kijivu. Sukari ya chenga inakaa katikati kama kizuizi. Ukishamaliza kuviringisha ingiza oveni mara moja, kwani kila dakika ya kungoja unyevu unapanda juu.

Oka nyuzi 175, dakika 10 hadi 11. Katika dakika ya 6 au 7 utaona tonge limetuna na uso wake bado mzima. Kisha linaanza kushuka na nyufa zinafunguka moja baada ya nyingine, nyekundu au nyeusi chini ya sukari nyeupe. Ukiona nyufa zenyewe zinang'aa kwa umaji katikati tu, ni wakati wa kutoa. Zikikauka ndani ya nyufa, zimezidi.

Naweza kutumia unga huu kwa biskuti za kukata kwa vikatio, nyota na miti?

Ndiyo, ila si kwa kanuni ya msingi. Donge la mafuta na mayai mawili halisukumiki, na hata ukiligandisha na kulikata, nyota itaingia na pembe tano itoke duara. Inabidi kupunguza nguvu ya beking pauda kwa kuongeza unga wa kawaida. Kwa boksi la vanila la gramu 432:

- unga wa ngano gramu 95, na wa ziada kidogo wa kunyunyizia
- siagi iliyolainika gramu 150
- yai 1 na kiini 1
- vanila kijiko 1 cha chai

Piga siagi mpaka iwe laini, tia yai, kiini na vanila, kisha unga wote. Kanda kwa mkono mpaka lishikane. Likimeguka meguka, ongeza maziwa kidogo kidogo, kijiko 1 cha chai kila mara. Ligawe mara mbili, libonyeze liwe bapa, lifunge kwa plastiki na uliweke kwenye friji saa 1.

Sukuma katikati ya karatasi mbili za kuokea mpaka unene wa milimita 6. Hapa usijaribu kusukuma nyembamba; biskuti ya milimita 3 ya unga huu inakunjamana na kuungua kingo. Kata, ondoa mabaki yanayozunguka maumbo badala ya kuyanyanyua maumbo yenyewe, kisha iingize trei nzima kwenye friza dakika 15. Oka dakika 8 au 9.

Chagua vikatio vya umbo rahisi: nyota, kengele, mti, moyo. Pembe nyembamba za kulungu na vipande vya theluji vyenye matundu mengi havitatoka safi kwa unga huu, na kwa maumbo hayo ni afadhali uandae donge la kawaida la unga, sukari na siagi tangu mwanzo.

Ladha ya unga wa boksi inaweza kufichwa?

Inaweza, na hili ndilo eneo linalostahili bidii yako. Ile ladha hutokana zaidi na vanila ya kutengenezwa na utamu usio na chumvi ya kutosha kuusawazisha. Chumvi ya robo kijiko cha chai iliyo kwenye kanuni haikuwekwa kama pambo. Zaidi ya hapo, hivi ndivyo tunavyochanganya kwa boksi moja:

Unga wa vanila hupata harufu ya Krismasi kwa tangawizi ya unga vijiko 2 vya chai, mdalasini kijiko 1, karafuu ya unga robo kijiko na kungumanga kidogo iliyokunwa papo hapo. Karafuu usizidishe, nusu kijiko inatosha kufunika kila kitu kingine. Iliki nusu kijiko cha chai pamoja na ganda la chungwa 1 lililokunwa ni mchanganyiko mwingine mzuri sana, na ganda hilo likisuguliwa kwanza na kijiko cha sukari kwa vidole, mafuta yake yanatoka na harufu inabaki hata baada ya kuoka.

Unga wa limau: ongeza ganda la malimau 2, usiongeze juisi. Juisi ni umajimaji, na asidi yake inaiamsha beking pauda mapema.

Unga wa chokoleti: kahawa ya unga inayoyeyuka kijiko 1 cha chai, iliyokorogwa kwenye mayai. Hutasikia kahawa, utasikia chokoleti iliyokolea. Kama unataka mnanaa, robo kijiko cha chai cha kiini cha mnanaa, si zaidi, maana kikizidi kinakumbusha dawa ya meno.

Vipande vya chokoleti, njugu na matunda makavu niweke kiasi gani?

Jumla isizidi gramu 170 kwa boksi. Zaidi ya hapo donge halina nguvu ya kuvishika na biskuti zinavunjika zikinyanyuliwa. Njugu zikaange kavu kwanza dakika 5 kisha zipoe. Zabibu na matunda makavu yakiwa magumu, yaloweke kwenye maji ya moto dakika 10, yachuje na kuyakausha kabisa kwa kitambaa safi. Unyevu utakaobaki utaingia kwenye donge.

Bakiza vipande vichache vya kubandika juu ya kila tonge kabla ya kuoka. Vile vya ndani huzama, vya juu ndivyo vinavyoonekana.

Pipi za mnanaa zilizopondwa zisichanganywe kwenye donge. Zinayeyuka, zinatoka pembeni na kugandamana na karatasi. Zinyunyize juu mara tu biskuti zinapotoka, zikiwa za moto, uzibonyeze kidogo.

Naweza kuweka jemu katikati?

Ndiyo. Tumia kanuni ya siagi, poza donge saa 1, viringisha matonge na uyabonyeze katikati kwa mgongo wa kijiko cha duara. Jaza jemu nzito nusu kijiko cha chai tu. Ikizidi inachemka na kumwagika. Shimo huwa linajifunga kiasi kadiri biskuti inavyovimba. Likifunika jemu, libonyeze tena pindi trei inapotoka na uongeze tone la jemu.

Aina gani ya unga wa boksi haifai?

Ule wa keki nyeupe nyepesi inayotegemea ute wa yai pekee na kuongezewa maji tu. Huo tayari una ute mkavu ndani yake na hauna muundo wa kubeba mafuta. Unga wenye pudingi ndani unafaa, ila biskuti zitakuwa laini zaidi na zitahitaji dakika moja ya ziada. Unga usio na gluteni nao unafaa kwa sharti moja: donge lilale kwenye friji angalau saa 1 ili unga wa mchele au wanga uliomo unywe umajimaji, la sivyo biskuti zinakuwa na mchangamchanga mdomoni.

Boksi lililopita tarehe halitavimba vizuri, kwa kuwa beking pauda hupungua nguvu kwa unyevu na muda. Kama unga una harufu ya mafuta yaliyochacha, tupa.

Sili mayai. Nitumie nini?

Kijiko 1 cha chakula cha mbegu za kitani zilizosagwa na vijiko 3 vya maji, ziachwe dakika 10 mpaka ziwe na utelezi, badala ya kila yai. Hii inatoa biskuti yenye kutafunika. Tufaha lililopondwa, gramu 60 kwa yai moja, linafanya kazi lakini linarudisha sura ya keki. Kama unaoka kwa ajili ya mtu mwenye mzio, soma orodha ya viambato kila unaponunua: maboksi mengi yana maziwa au soya ndani yake, na watengenezaji hubadilisha viambato bila kubadilisha picha ya nje.

Sina oveni. Je, sufuria au kikaangio cha hewa vinafaa?

Kikaangio cha hewa kinafaa. Tandika karatasi iliyotobolewa, weka nyuzi 160, oka dakika 6 hadi 8, biskuti nne au tano kwa mara moja. Tonge liwe limepoa sana, maana upepo wa ndani unakausha uso haraka.

Kwa sufuria, chagua nzito yenye mfuniko unaoziba. Weka kigoda cha chuma ndani, funika na upashe moto mdogo dakika 10. Panga matonge kwenye sahani ya bati yenye karatasi, iweke juu ya kigoda, funika tena, oka dakika 12 hadi 15. Juu hakutapata rangi, kwa hiyo tumia unga wa chokoleti ambao hauhitaji kuonekana umekauka. Sahani isiguse kitako cha sufuria kamwe.

Ninaishi mahali pa juu kutoka usawa wa bahari. Kuna tofauti?

Kuanzia mita 1,000 hivi kwenda juu, ndiyo. Shinikizo la hewa ni dogo, gesi ya beking pauda inatanuka zaidi na maji yanakauka haraka. Biskuti zinavimba ghafla kisha zinaporomoka. Ongeza vijiko 2 vya chakula vya unga wa ngano, pandisha oveni nyuzi 5 hadi 10 na upunguze dakika moja.

Nizipambe kwa nini, na lini?

Zipoe kabisa kwanza, angalau saa 1. Sukari juu ya biskuti ya vuguvugu inateleza yote hadi kwenye meza.

Pambo rahisi ni sukari ya unga gramu 120 iliyokorogwa na kijiko 1 cha chakula cha maziwa, ukiongeza tone kwa tone. Ukiinua kijiko, uzi unaoanguka uonekane juu ya bakuli kwa sekunde 10 kabla ya kuzama. Huo ndio uzito wa kuchorea mistari. Kwa kujaza uso mzima, sekunde 5 zinatosha. Rangi ya chakula iwe ya jeli. Ile ya maji inakulazimu kuweka nyingi ili upate nyekundu halisi, na sukari inageuka uji. Nyekundu na kijani hukolea zikikaa, kwa hiyo zikoroge nusu saa kabla na uzifunike zisikauke.

Acha pambo likauke saa 6 hadi 8 kabla ya kupanga biskuti moja juu ya nyingine.

Kwa biskuti mbili zilizobandikwa, piga jibini laini la krimu gramu 115, siagi gramu 60 na sukari ya unga gramu 240. Hizi lazima zikae kwenye friji na ziliwe ndani ya siku 3 au 4.

Naweza kuanza maandalizi wiki kadhaa kabla ya Krismasi?

Ndiyo, na tunakushauri hivyo. Viringisha matonge, yagandishe yakiwa yametengana kwenye trei kwa saa 2, kisha yatie kwenye mfuko usiopitisha hewa na uandike aina na tarehe. Yanakaa miezi 3. Oka yakiwa ya barafu, ukiongeza dakika 1 hadi 2. Za nyufa ni tofauti: ziache ziyeyuke nusu saa ndipo uzipitishe kwenye sukari, maana sukari haishiki juu ya barafu.

Donge kwenye friji likae siku 2, si zaidi. Biskuti zilizookwa bila pambo zinakaa siku 5 kwenye chombo kinachoziba. Za mnanaa zitenge peke yake. Harufu yake inahamia kwa jirani ndani ya usiku mmoja.

Watoto wanaonja donge bichi. Kuna ubaya?

Upo. Si mayai tu: unga wa ngano haujapikwa na unaweza kubeba bakteria kama E. coli na Salmonella, na unga wa boksi nao ni unga mbichi. Wape watoto kazi ya kuviringisha na kunyunyiza sukari, wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza, na waonje kilichotoka kwenye oveni.

Zimebaki na zimekauka. Nifanye nini?

Zilizo laini kiasili, ziwekee kipande cha mkate mweupe ndani ya chombo, ufunge usiku mzima. Zitavuta unyevu wa mkate. Zilizotakiwa kuwa kavu na zimelegea, zirudishe oveni nyuzi 150 kwa dakika 3 na uzipoze juu ya wavu. Zikiwa zimeshindikana kabisa, ziponde: gramu 150 za chenga na gramu 60 za siagi iliyoyeyushwa, zikandamizwe kwenye chombo cha sentimita 20 na kupoozwa saa 1, ni kitako tayari cha kumwagia krimu au pudingi.